Lawalawa, meno ya plastiki, vikope: Ugogoni tunashika wembe kwa maradhi yanayotaka maji

#1 Binti wa Chamwino (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Nyuzi nyingi za humu kuhusu tiba za asili zinaishia pabaya. Upande mmoja unawatukana waganga, upande wa pili unaitukana hospitali, na mtoto anayeumwa kasahaulika. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Mgogo niliyezaliwa na kulelewa Chamwino. Ninaowatembelea ni shangazi zangu, wifi zangu na bibi zangu, siwezi kuwaita wajinga kisha kesho nikabishe hodi. Naomba mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Naanza na lawalawa, maana ndiyo inayoniuma zaidi.

Kwa wasio wa huku: mtoto, hasa wa kike, anawashwa sehemu za siri, anatoka vipele au uchafu, analia akikojoa, pengine na homa juu. Dodoma na Singida hiyo ndiyo lawalawa. Wazee wengi wanasimulia kwamba ilianza kuvuma mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, na kwamba ililetwa na mizimu iliyokasirika baada ya watu kushawishiwa waache mila. Dawa ikawa kuirudia mila: mtoto akatwe, yaani akeketwe. Hapo ndipo mtego ulipo. Bibi akishatamka kwamba huyu ana lawalawa, hakuna tena mazungumzo ya dawa gani, yanabaki mazungumzo ya lini na kwa nani.

Mtoto huyo huyo akipimwa zahanati anakutwa na maambukizi ya njia ya mkojo, au fangasi, au ngozi iliyochubuka kwa mkojo na jasho kukaukia mwilini kutwa nzima. Vyote hivyo vina dawa. Kumkata hakuondoi hata kimoja, kunaongeza kidonda mahali palepale penye maambukizi. Halafu wiki mbili baadaye vipele vimekauka, kama ambavyo vingekauka vyenyewe, na ngariba anapata sifa.

Mwaka 1998 ilikuja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ikakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Ilihitajika na mimi naiunga mkono. Ila huku kwetu ngoma zilinyamaza na umri ukashuka. Zamani alikuwa binti mkubwa, anachezwa na mtaa mzima unajua. Sasa ni kichanga, ndani, mlango umefungwa, mashahidi ni bibi na ngariba. Baba wakati mwingine hana habari kabisa. Kidonda kikipona hakuna wa kuuliza.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha tumesogea. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta wanawake 47 kati ya 100 wa Dodoma wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta 18. Singida ilishuka kutoka 31 hadi 20. Nafurahi kwa dhati. Lakini wanaohojiwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49, na aliyekatwa akiwa na wiki tatu anaweza asijue kama alikatwa. Watoto wa leo tutawahesabu wakishakuwa akina mama wenyewe. Ndiyo maana siridhiki.

La pili ni meno ya plastiki. Hili liko mikoa mingi, si kwetu peke yetu. Mtoto wa miezi mitano, sita, anaanza uji, anaanza kutambaa na kuokota kila kitu, anaharisha. Anapelekwa kwa mtu anayejua kuangalia fizi. Pale yanapotarajiwa kuota machonge kuna uvimbe mdogo mweupe. Hilo ni jino changa la kawaida kabisa, kila mtoto analo, hata asiyeumwa. Linachokolewa kwa spoki ya baiskeli au msumari, au fizi inasuguliwa dawa mpaka inatoka damu. Niliwahi kuonyeshwa kilichotolewa, kimewekwa kwenye kiganja cha mama: kitu laini, cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama, kina utelezi kama kiini cha tunda bichi. Yule mama alikuwa anakitazama kwa shukrani. Aliamini ndicho kilichokuwa kinamuua mwanawe.

Kilichokuwa kinamuua ni kukaukiwa maji. Mtoto aliyeharisha siku tatu sasa ana kidonda mdomoni na hataki kunyonya. Anaweza kupata pepopunda, anaweza kupata maambukizi ya damu, na akinusurika, hata chonge la ukubwani linaweza kuota limeharibika au lisiote. Wakati dawa ipo: pakiti moja ya ORS, unga wa kurudisha maji mwilini, inachanganywa na lita moja ya maji safi na salama, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10. Mtoto anaendelea kunyonya. Basi.

La tatu ni vikope, trakoma. Huu ugonjwa Kongwa imejulikana nao duniani, watafiti wa macho wamekuwa wakija pale tangu miaka ya 1980. Mtoto mwenye tongotongo na kamasi anafuatwa na nzi, nzi wanahamisha vijidudu uso kwa uso. Akiambukizwa mara nyingi utotoni, kope la juu linapata makovu kwa ndani, ukubwani linajikunja, nywele zinakwangua jicho kila akipepesa. Bibi zetu walijua maumivu yanatoka wapi, ndiyo maana wengi wana kibano cha kung'olea nywele hizo, wanakifunga kwenye ncha ya kanga. Hiyo si ushirikina, inapunguza maumivu kweli. Ila nywele zinaota tena, fupi na ngumu, na jicho linaendelea kuchakaa. Wanawake wanaumia zaidi ya wanaume kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto.

Sasa yaangalie yote matatu kwa pamoja. Mtoto asiyeoshwa sehemu za siri. Mtoto aliyeharishwa na mikono na vyombo vichafu. Mtoto asiyeoshwa uso. Hayo ni maradhi ya ndoo. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 au 600 kwa mwaka, na ikikatika wanawake wanachimba mchanga kwenye makorongo wasubiri maji yajichuje. Ndoo ya lita 20 ikifika nyumbani inagombewa na ugali, mlenda, ndama na mgonjwa. Kuoga mtoto kunakuwa mwisho.

Nasimamia hapo: huwezi kumwambia bibi "acha wembe" ukaondoka. Bibi anaona mtoto anawashwa na kulia usiku. Ukimnyang'anya tiba yake, mwachie nyingine mkononi, na maji ya kuifanyia.

Karibuni.

#2 Mzee wa Manyoni

Binti yangu, umeandika vizuri na hujatutukana, nami nitachangia kwa heshima hiyo hiyo.

Lakini vijana mnajua kutuhesabia makosa tu. Nani alimpumzisha mzazi siku arobaini kabla ya hizo kliniki? Nani alimpa uji wa uwele na ubuyu? Mnasema mjamzito awahi hospitali. Mke wa mwanangu alifika zahanati moja usiku, uchungu umemshika, muuguzi akamuuliza mbele ya watu kwa nini ananuka moshi na kwa nini kaja na kanga chafu. Kwa mtoto wa pili alikataa kabisa kwenda, akajifungulia nyumbani kwa mkunga wa jadi, mama wa makamo, aliyemshika mkono usiku kucha. Hilo nalo liandikwe.

Na tembe, nyumba zetu za udongo, msizidharau. Ni baridi mchana, joto usiku.

#3 Binti wa Chamwino

Shikamoo baba. Umesema kweli na ninashukuru umelileta.

Lugha ya wahudumu inaua. Nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Mama aliyeaibishwa mara moja hatarudi, na ataenda kuwaambia wenzake kisimani, kijiji kizima kinafunga mlango. Mkunga wa jadi ana kitu ambacho wodi nyingi hazina, anakaa na mzazi hadi mwisho. Ninachomwomba ni viwili tu. Asimpe dawa za mizizi za kuongeza uchungu, maana kizazi kinaweza kupasuka na hakuna wa kuzuia damu ile kijijini. Na amsindikize mzazi mapema. Penye chigonela, nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua karibu na kituo cha afya, mama ahamie wiki za mwisho na huyo mkunga awe mgeni wake. Usafiri wa dharura wa mjamzito na kichanga sasa unaitwa kwa namba 115, ni bure. Naomba kila anayesoma aiandike kwenye simu ya mama yake.

Siku arobaini, uji wa uwele, ubuyu: hakuna anayegusa. Hizo ni hazina.

#4 Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi vijiji vya kuzunguka Mvumi. Mzee katika #2, kwa niaba yetu naomba radhi kwa yaliyompata mkwe wako.

Naongezea mawili. Kwanza degedege. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, watu wanasema amepitiwa na dege. Anafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, na wanaonya asichomwe sindano kwamba akichomwa atakufa. Tatizo ni kwamba sindano imepata jina hilo kwa sababu watoto wanaletwa wamechelewa, wanachomwa wakiwa mahututi, wanafia mikononi mwetu. Anayesikia anasema "si mnaona?" Dodoma malaria ni kidogo ukilinganisha na Geita au Kigoma, kwa hiyo mtoto wa degedege huku anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo au sukari kushuka. Kila saa ina thamani. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, mpeleke. Anayetaka kufukiza afukize nyumba mtoto akiwa ameshaondoka.

Pili, papasi. Baba amesifia tembe na mimi nimelala ndani ya tembe, ni nyumba nzuri. Lakini kwenye nyufa za kuta na vumbi la sakafu papasi, aina ya kupe, wanajificha, wanatoka usiku kunyonya damu na kurudi, hata huwaoni. Wanaleta homa inayokuja, inaondoka siku kadhaa, inarudi. Kipimo cha haraka cha malaria kinasema hana kitu, mgonjwa anarudishwa na panadol, na mtaani wanahitimisha kuwa ni mkono wa mtu, maana hospitali haikuona. Tukiweka damu kwenye darubini wakati homa imepanda tunawaona wadudu wenyewe, wamejisokota. Antibayotiki za kawaida zinatibu. Kwa mjamzito ni hatari kubwa, mimba inatoka au mtoto anazaliwa kabla ya wakati. Ukija zahanati sema "nalala nyumba ya udongo, homa hii inarudi". Maneno hayo yanamsaidia mpimaji. Na nyufa zizibwe, watoto walale kitandani, si chini.

#5 Mwana wa Farkwa

Salaam wote. Mimi ni Msandawe wa Chemba. Tukizungumzia jamii za asili mkoa huu huwa tunasahauliwa, watu wanatukumbuka wakitaka kusikia tunavyozungumza.

Wazee wetu walikuwa wawindaji na warina asali, mmea wa porini walijua upi wa chakula na upi wa dawa. Walikuwa na simbo, ngoma ya usiku ambayo mchezaji anapandisha hadi anakuwa simba, na kwa ngoma hiyo walikuwa wakiwatafuta wachawi na kuganga wagonjwa. Sijaja kusema irudi au isirudi. Nataka kusema kuhusu 2016.

Mwaka ule huku Chemba, Kondoa na hadi Kiteto watu walianza kuwa na macho ya manjano, matumbo yakajaa, wengine wakafa ndani ya siku chache. Walihesabiwa wagonjwa 68 na vifo 20. Kabla ya majibu kutoka, familia moja ikiuguliwa watatu, unadhani watu walisema nini? Walitafutwa wachawi. Kumbe ni sumukuvu, sumu ya kuvu kwenye mahindi yaliyoota ukungu. Hakuna mganga ambaye angeiona kwa macho wala daktari bila maabara.

Sisi tumeacha mtama na uwele tukakimbilia mahindi, na mahindi kwa jua la huku yakipata ukame shambani kisha yakalazwa chini na unyevu, kuvu inapanda. Bibi yangu alikuwa akichagua punje moja moja kwenye ungo, anatupa zilizobadilika rangi, tunamwona anapoteza muda. Alikuwa anatuokoa. Yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, yachambuliwe, yahifadhiwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Zilizooza msiwape hata kuku.

#6 Haki Sawa

Binti, nakuunga mkono lakini hoja ya maji naiona ina tundu. Kuna vijiji vina bomba na bado watoto wanakatwa, bado wana tongotongo. Na Arusha, yenye maeneo ya maji mengi, ukeketaji ni mkubwa kuliko kwenu. Sheria ifanye kazi, wafungwe.

#7 Binti wa Chamwino

Mkuu, tundu lipo, na halikuanza kuonekana leo. Wale watafiti wa Kongwa waliliona mapema: zilikuwepo kaya za mbali na maji zenye watoto wasafi, na kaya za karibu na bomba zenye watoto wachafu. Umbali ulikuwa na uzito wake, lakini kilichoamua ni nani anayagawa maji na anaamini yanatosha nini. Akina mama walidhani kuosha uso kunakula maji mengi. Walipoonyeshwa kwa vitendo kwamba yanatakiwa kidogo sana, hesabu ilibadilika. Na utafiti uliochapishwa 1995 kutoka hapo hapo Kongwa ulionyesha kwamba vijiji vilivyohimizwa kuosha nyuso, pamoja na dawa, vilipata watoto wachache zaidi wenye trakoma kali.

Mimi nafanya hivi: naomba kikombe kimoja cha maji, nakusanya watoto wa uani, namimina kidogo kidogo kiganjani na kuosha mmoja baada ya mwingine, bibi akihesabu kwa sauti. Kila mara watoto wanaisha kabla ya maji. Siongezi hotuba. Baba mwenye nyumba aliyekuwa amekaa upande ananyanyuka kuja kuangalia kikombe. Nikirudi nakuta kibuyu chirizi cha kunawia kimening'inizwa karibu na mlango, wakati mwingine kakifunga yeye.

Kuhusu Arusha, kule sababu ni nyingine: ni kumkuza binti, ni ndoa. Sizungumzii ukeketaji wa Tanzania nzima. Nazungumzia huu wa kwetu ambao umevaa koti la matibabu. Kwa huu, kila mtoto ninayefanikiwa kumpeleka zahanati, akapimwa mkojo, akapewa dawa na akapona mbele ya bibi yake, ni ushahidi ambao mahakama haiwezi kuutoa. Ngariba afungwe, sawa. Lakini bibi wa nyumba ya jirani amemwona mtoto amepona bila kukatwa, na ataulizwa ushauri na wakwe wote wa ukoo.

Na mila ya kupambana na ugonjwa kwa pamoja tunayo. Bibi zetu, mifugo ikipata maradhi, walikuwa wakivaa mavazi ya wanaume, wanashika fimbo na mikuki, wao ndio wanachunga ng'ombe, kisha wanacheza hadi mpakani mwa eneo letu kuutupa ugonjwa nje. Liliandikwa na waliokuja kutusoma miaka ya 1960, na bibi yangu mwenyewe alilisimulia. Wanaume walikaa kimya siku hizo. Nchi ikiharibika, wa kuitengeneza walikuwa wanawake. Wazee wa kike wa leo wana uzito huo huo, hakuna aliyewaomba wautumie kwa watoto kama walivyoutumia kwa ng'ombe. Kwenye kijiji kimoja ninachohudumia nimeanza kuwaomba. Kikao kinafanyika chini ya mbuyu, mimi nakaa chini kwenye mkeka na wao kwenye vigoda.

#8 Mama Wawili

Dada samahani, naomba unisaidie. Niko Bahi, binti yangu ana miezi minane. Ana vipele huko chini tangu juzi na analia akikojoa. Mama mkwe amesema ni lawalawa na Jumamosi kuna mtu anakuja. Mume wangu yuko Dar. Naogopa kumkatalia mama, nakaa kwake.

#9 Binti wa Chamwino

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuandika. Usisubiri Jumamosi.

Kesho asubuhi beba mtoto na kadi yake ya kliniki, nenda zahanati. Mwombe mama mkwe mwende wote, mwambie "mama, nisindikize, sijui nitawajibu nini". Ukimwomba hivyo hakuna vita, na ni muhimu asikie mwenyewe kwa mhudumu. Ukifika waambie mambo matatu: analia akikojoa, ana vipele, na kama mwili una joto. Omba apimwe mkojo. Akipewa dawa, maliza zote hata akipata nafuu.

Leo jioni muoshe kwa maji safi ya uvuguvugu, kutoka mbele kwenda nyuma, bila sabuni ya unga wala dawa ya majani, hata mwarobaini usimpake wala kumnywesha. Mkaushe taratibu, mwache bila nepi kwa muda. Endelea kumnyonyesha. Akipata homa kali, akitapika au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi.

Mpigie mumeo usiku huu, yeye aongee na mama yake kabla hujatoka. Mwambie aseme maneno haya: "Mwanangu asiguswe mpaka apimwe." Mama mkwe akikataa kabisa, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya mtendaji, wao wanaweza kumwita ofisa wa ustawi wa jamii, na namba 116 ya huduma kwa mtoto unapiga bure.

Nitumie ujumbe wa faragha uniambie uko kata gani. Mhudumu mwenzangu wa huko namfahamu, atakuja kwenu kusalimia kama mgeni wa kawaida.

#10 Mzee wa Manyoni

Mama Wawili, mimi nina umri wa mama mkwe wako. Mwambie mzee mmoja wa Manyoni anamsalimia, na anamwomba aende na wewe zahanati kesho. Nauli ikiwa kikwazo binti aniandikie, nitatuma.